Mkwe Wangu Hajui Kusema Hapana

Watu wakisikia naongoza ndege wanadhani nakaa kwenye kiti cha kuzunguka, nakunywa kahawa na kutazama mawingu. Nawaacha wadhani hivyo. Mimi Yudith, mtu wa Miyuji hapa hapa Dodoma, nimeshinda juu ya mnara wa vioo tangu nikiwa msichana, nikiwaambia marubani njoo, subiri, pita. Nimeongoza ndege kwenye vumbi la Septemba, lile linalofanya mji wote uwe rangi ya tofali. Nimeongoza nikiwa na mimba ya binti yangu, miguu imevimba, viatu nimevua. Sikuwahi kuogopa. Nimeanza kuogopa mwaka huu, na kilichonitia hofu ni bakuli la mlenda.

Binti yangu anaitwa Hilda, ndiye huyo huyo mmoja niliyejaliwa. Ameolewa na Meshack, kijana wa Hombolo, kapteni jeshini, rubani wa helikopta na mkufunzi wa marubani wachanga. Kijana mzuri, sina la kusema. Ila alilelewa na bibi yake, na bibi yule alimfundisha ukwe wa Kigogo wa zamani, ule ambao hata sisi tuliozaliwa nao tulikuwa tumeanza kuusahau. Meshack akiniona njiani anatoka barabarani anasimama kwenye majani mpaka nipite. Hanitazami usoni. Hali mezani nilipo, anapelekewa chakula uani. Jina langu hajawahi kulitamka. Na nikisema jambo, hata liwe la upuuzi, jibu lake ni moja: "Ndiyo, mama." Wenzangu kanisani wananionea wivu. Wananiambia, "We Yudith, mkwe wa namna hiyo ulimwokota wapi? Wa kwetu wanatuambia tupunguze sauti ya redio."

Na mimi nilijisikia, nisidanganye. Nani hapendi kuheshimiwa?

Sasa Jumapili moja walikuja nyumbani baada ya ibada. Nikapika ugali wa uwele na mlenda wa karanga, nikautia karanga za kutosha kwa sababu nilitaka mkwe ale ashibe. Kabla ya kupakua nikapaza sauti kupitia mlangoni, maana yeye alikuwa uani: "Mkwe, unakula karanga?"

"Nakula, mama."

Akala. Alimaliza bakuli lote. Kabla sijaondoa vyombo Hilda alitoka chumbani kwenda uani, akapiga ukelele, nikatoka mbio nikamkuta mwanaume amevimba uso, macho yamezibika, anapumua kwa mluzi. Tukampakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali. Daktari akamchoma sindano, akasema tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine.

Nje ya wodi nikamgeukia Hilda. "Huyu ana nini na karanga?"

"Zinamdhuru, mama. Tangu mtoto."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chumbani na tumbo langu hili, nitajuaje umeweka karanga?" Hilda alikuwa mjamzito, na siku zile hakukaa mbali na kitanda. "Nimemuuliza kwa nini hakusema. Unajua amenijibu nini? Eti, mama amenipikia, nitamwambiaje sili?"

Hilda akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyetoka kulia. Nesi naye akacheka. Mimi nilikaa kwenye benchi bila kucheka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kitu ambacho wao hawakukijua.

Kazini, mimi humuuliza mtu huyu swali. Humuuliza kila anaporuka. Naye hunijibu ndiyo.

Ngoja nieleze swali lenyewe, halafu utaona kama nina wazimu. Uwanja wetu siku hizi una shughuli. Tangu serikali ihamie huku, ndege za abiria zinapishana kutwa, waheshimiwa, wafanyabiashara, wagonjwa, kina mama na watoto. Jioni upepo ukitoka mashariki, ndege zinakuja kutua zikitokea magharibi, upande wa Zuzu. Helikopta za mafunzo nazo zinatoka kambini kwao, kaskazini, zinapita juu ya Miyuji na kwenda kufanyia mazoezi kwenye nyika za kusini. Maana yake lazima ziikate njia ya ndege zinazokuja kutua. Hakuna namna nyingine. Kwa hiyo mimi mnarani namwambia rubani wa helikopta: kuna ndege inakuja upande wako wa kulia, umeiona? Akisema hajaiona, namsimamisha. Akisema ameiona, namwacha aendelee, na kuanzia hapo kuikwepa ni juu yake, kwa macho yake. Dunia nzima wanafanya hivyo. Neno moja la rubani, "nimeiona", na watu waliomo kwenye ndege ile, ambao hata hawajui kama kuna helikopta duniani, roho zao zimewekwa juu ya neno hilo.

Redioni tunaongea Kiingereza cha ndege, nakusimulia kwa Kiswahili tu. Mtu atasema, sasa kwenye Kiingereza ukwe unaingia wapi? Ndugu yangu, sauti ni yangu. Tangu Meshack ahamishiwe hapa, kila jibu lake redioni alilimalizia na neno "mama". Sheria hairuhusu, lakini nani atamgombeza? Tulilichukulia kama jambo la kuchekesha. Uwesu, mwenzangu wa zamu, Mrangi wa Kondoa mwenye mdomo usiotulia, alikuwa akiigiza: "Ndiyo mama, naanguka mama, kwaheri mama." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Baada ya mlenda sikucheka tena.

Jumatatu yake nilimfuata Ernest, mkuu wetu wa mnara, kabla hata sijanywa chai. Nikamweleza yote, karanga na hospitali. Nikamwomba anibadilishie zamu nisikutane na helikopta za Meshack.

Ernest alinisikiliza akiwa amefumba mdomo kwa kiganja, nikaona mabega yanatikisika. Anacheka! "Mama Yudith, kwa hiyo unataka niwaandikie makao makuu kwamba afisa wa jeshi anamwogopa mama mkwe?"

"Andika unavyotaka. Mimi nakwambia mtu huyu akiulizwa na mimi hajui kusema hapana."

"Kula ni kula, kuruka ni kuruka. Yule ni kapteni. Amesomea. Angekuwa anadanganya redioni angekuwa ameshakufa."

"Ndicho ninachokwambia, Ernest! Hajafa bado!"

Lakini watu wa zamu ni wachache, mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine masomoni, ningewekwa wapi? Nikarudi kwenye kiti changu.

Nikamtuma Hilda aongee naye. Hilda akanipigia: "Mama, nimemwambia. Anasema kazini ni kazi, usiwe na wasiwasi." Ningefurahi kama nisingejua kwamba ujumbe ule nao alijua unanifikia mimi. Angejibu nini kingine?

Nikajaribu kubadili sauti. Usicheke. Nilikaza koo, nikaongea kizito kama mwanaume mwenye kikohozi: "Tai Mbili, umeiona ndege?" Tai Mbili ndilo jina la helikopta yake redioni. Akajibu papo hapo: "Nimeiona. Pole na mafua, mama." Uwesu alianguka chini kwa kicheko. Mimi nilikwenda chooni nikanawa uso.

Mwishowe nikaacha kabisa kumuuliza. Kila Meshack alipotaka kupita nilimwambia asubiri mpaka ndege itue, hata kama ndege yenyewe bado iko mbali huko Bahi. Helikopta ikawa inazunguka juu ya Miyuji, mabati ya watu yanatetemeka, kuku wanakimbilia chini ya vitanda, jirani zangu wananiuliza kama kuna vita. Wanafunzi wanamaliza mafuta bila kujifunza. Nilijua nafanya kazi mbaya. Lakini nililala usingizi siku hizo.

Haikudumu. Ernest alipanda ngazi mwenyewe, safari hii hacheki. "Kambini wamepiga simu. Wanasema mafunzo yao yamekwama kwa sababu ya mtu mmoja. Mama Yudith, nakuheshimu, lakini kuanzia leo fanya kazi kwa utaratibu. Uliza, ukijibiwa ameiona, mpitishe. Kama huwezi, niambie nitafute anayeweza."

"Nitaweza," nikasema. Nilikuwa na hasira. Na nilikuwa na woga wa kuambiwa sijui kazi, baada ya maisha yangu yote pale juu.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, alasiri imeshakwenda. Jua lilikuwa limeteremka upande wa Zuzu, kubwa, jekundu, limejaa vumbi. Vioo vya upande ule tulivishushia pazia la plastiki jeusi lakini bado macho yaliwasha. Ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilishaniambia inakuja kutua. Nikaipa ruhusa. Mara hedifoni ikaguruma, sauti ya Meshack. Yuko na mwanafunzi wake mmoja, Obedi, kijana mpole. Wametoka Miyuji, wanaomba kukatiza kwenda kusini.

Nikatazama ngazi, Ernest alikuwa bado amesimama pale, mikono kifuani.

"Tai Mbili, mnara. Ndege ya abiria inakuja kutua, iko upande wako wa kulia. Umeiona?"

"Nimeiona, mama. Nitapita nyuma yake."

Jibu lilikuja haraka mno. Mtu anayetafuta ndege kwenye jua huchukua muda, hugeuza shingo, hukunja uso. Huyu alijibu kabla sijaachia kitufe vizuri. Nikamruhusu apite. Ndiyo, nilimruhusu. Utaratibu ulisema hivyo, na mkuu wangu alikuwa nyuma yangu.

"Umeona?" Ernest akasema kwa upole. "Hakuna shida." Akashuka zake.

Nikachukua darubini. Nikaielekeza kwenye jua, pale ndege ilipopaswa kuwa. Sikuiona. Nikatazama tena, machozi yananitoka. Mimi niliyezitazama ndege kutoka upande ule tangu ujana, ninayejua pa kutazama, nina darubini na nina pazia, nilikuwa siioni. Sasa yeye ameionaje?

Nikageuza darubini kwa helikopta. Ilikuwa inakwenda kusini, imenyooka, pua haijageuka hata kidogo. Mtu anayetaka kupita nyuma ya ndege lazima apinde, au apunguze mwendo aiache itangulie. Ile haikupinda. Haikupunguza.

"Tai Mbili, hakikisha. Ndege ya abiria unaiona?"

"Nimeiona, mama."

Safari hii alikawia kidogo kabla ya kujibu. Na mimi nikajua nimeharibu. Mara ya kwanza labda angeweza kujikaza akasema hajaiona. Lakini kumuuliza mkwe mara ya pili ni kumwambia humwamini, na yeye kubadili jibu ni kumwambia mama mkwe wake kwamba alimdanganya. Bora afe. Nakwambia bora afe, wala si maneno ya mdomoni tu, kijana yule alishakula karanga! Ningemuuliza mara kumi angenijibu nimeiona mara kumi, kwa adabu ile ile, mpaka chuma kikutane na chuma. Na Obedi, mwanafunzi, pembeni yake, angemkosoa vipi kapteni wake?

Ndipo ndege ikatokea kwenye jua. Kwanza taa, halafu mabawa, kubwa, chini, inakuja. Mimi sikuwa na haja ya kupiga hesabu yoyote. Nilikuwa naziona zote mbili kwenye duara moja la darubini, na kati yao hakukuwa na mtu anayejua.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi wameniuliza kwa nini sikumwambia tu ageuke. Ageuke wapi? Kama kweli ameiona na ameshaanza kuikwepa kwa namna ambayo mimi siioni, nikimgeuza naweza mimi mwenyewe kumtia mbele ya ndege. Na ndege nikiipandisha bila kujua yeye anakwenda wapi, naweza kuwakutanisha huko juu. Lazima nijue anaona au haoni. Neno hilo moja nililihitaji kuliko hewa, na mimi ndiye mtu pekee duniani ambaye hawezi kuambiwa.

Nikaing'oa hedifoni kichwani, pamoja na nywele za bandia, nikamvika Uwesu kwa nguvu. Alikuwa anaandika, kalamu ikaruka. "Muulize wewe! Muulize Meshack kama anaona! Wewe!"

Uwesu ana mdomo, lakini si mjinga. Aliniangalia uso mara moja, akabonyeza. "Tai Mbili, hapa Uwesu. Ndege iliyo kulia kwako unaiona au huioni?"

Nilisikia feni ya juu inavyolia.

"Hapana," sauti ya Meshack ikasema kwenye spika. "Siioni. Jua limenijaa machoni."

Haki ya Mungu, sijawahi kusikia neno tamu na la kutisha kama lile.

"Geuka kushoto sasa hivi! Shuka! Kushoto!" Uwesu alikuwa anapiga kelele. Mimi nikanyakua kipaza sauti cha meza, nikaiambia ndege ya abiria iache kutua, ipande, ipande sasa. Sauti yangu haikuwa yangu. Nikaona helikopta ikilala upande, tumbo lake likatugeukia, ikaanguka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Nikaona pua ya ndege ikiinuka, taratibu, jamani, taratibu mno, ndege zile zikijaa watu zinakuwa nzito. Halafu zikawa kitu kimoja cheusi mbele ya jua. Nikafumba macho. Mtu wa kazi yangu hafumbi macho. Mimi nilifumba. Nilimwona Hilda amekaa kitandani na tumbo lake.

Kilichonifumbua ni mlio wa ndege ikipita juu yetu, injini zote zinalia, vioo vinatetemeka. Halafu sauti ya rubani wake, mwanamke, anahema: "Mnara, tumepishana na helikopta. Nimeona kofia ya mtu aliye ndani. Narudia, nimeiona kofia yake."

Uwesu alivua hedifoni akaiweka mezani kwa mikono miwili, polepole, kama yai. Ernest alipanda ngazi anakimbia, akasimama akitutazama mmoja mmoja. Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi tayari, ya Kigogo, yale ya kweli. Lakini nikakaa chini sakafuni, nikaanza kuokota nywele zangu za bandia.

"Alikwambia ameiona," Ernest akasema. "Nilisikia mwenyewe. Alikwambia ameiona."

"Ndiyo," nikamjibu. "Aliniambia mimi."

Ndege ile ilizunguka ikatua salama. Abiria walishuka wakivuta mabegi yao, mmoja anapiga picha machweo, mtoto analia anataka soda. Waliambiwa kulikuwa na pilikapilika kidogo uwanjani. Niliwatazama kupitia kioo mpaka wa mwisho akapotea mlangoni.

Jioni ile ile Meshack alikuja nyumbani na Hilda. Alikuwa bado na sare, kwapa na mgongo vimelowa jasho. Kama kawaida hakuingia, alisimama uani, macho chini, kofia mkononi. Hilda alikuwa ameshaambiwa, macho yamevimba. Alikaa kwenye mkeka akaegemea ukuta.

Kwa mila nilipaswa kukaa ndani na kuongea kupitia mlangoni. Nilitoka. Nilikwenda nikasimama mbele yake, karibu, mpaka nikaona kifua chake kinavyopanda na kushuka. Akarudi nyuma hatua moja, nami nikasogea. Akafika ukutani hana pa kwenda. Nilimwonea huruma, lakini huruma ningeifanyia nini?

"Meshack." Nilimwita kwa jina. Hilda akashtuka. "Sitaki heshima leo. Nataka unitazame, halafu unijibu kama unavyomjibu mwanaume mwenzio. Leo nilipokuuliza mara ya kwanza, ndege uliiona?"

Mtu aliyepishana na kifo alasiri ile akiwa mkakamavu, sasa alikuwa anatetemeka mbele ya mwanamke mfupi mwenye khanga. Nikaona anajaribu. Naapa alijaribu, midomo ilifunguka, shingo ikakaza. Macho yalipanda mpaka kidevuni kwangu, hayakufika.

"Niliiona, mama," akasema.

"Meshack!" Hilda akapiga kelele. "Mume wangu, sema! Nakuomba! Hakuna atakayekasirika!"

"Uwesu ulimwambia huioni," nikasema. "Nilisikia kwa masikio yangu."

"Uwesu ni mtu baki, mama."

"Na mimi?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, yanadondoka kwenye buti, naye hayafuti. Hakuwa na kiburi hata chembe. Angenipotezea kazi, angenifia, angeua ndege nzima, kwa sababu bibi yake alimpenda akamlea vizuri. Ningegombana na nani? Nikarudi ndani nikafunga mlango, na kutoka ndani nikamwambia aende akale, akapumzike, asante kwa kuja. Nikamsikia akisema, kwa sauti iliyotulia sasa, "Ndiyo, mama. Usiku mwema."

Asubuhi nilimwambia Ernest anitoe kwenye redio. Hakubisha. Aliuliza tu kama nina hakika, maana mtu akishatoka mnarani kwa umri wangu harudi tena, leseni inakufa. Nikamwambia nina hakika. Akaanza kusema kitu kuhusu kumhamisha Meshack badala yangu, kwamba angeongea na kambi. Nikamkatiza. Kweli, kwenye uwanja mwingine Meshack asingekuwa na mama mkwe mnarani. Wa huko ni watu baki, nao wangejibiwa ukweli. Lakini mtoto wa Hilda alikuwa njiani, na mimi nilitaka baba yake awe karibu. Mwenye sauti mbaya nilikuwa mimi. Nikapewa ofisi ya chini, ya kupanga zamu na kupokea wageni, haina dirisha la upande wa uwanja.

Siku yangu ya kwanza kule chini nilisahau miwani yangu mnarani. Nikapanda kuifuata. Nilipofika kwenye ngazi za mwisho nikasikia spika, nikasimama. Jua lilikuwa linateremka tena upande ule ule. Uwesu alikuwa zamu.

"Tai Mbili, mnara. Ndege inakuja kutua, kulia kwako. Umeiona?"

"Mnara, bado. Siioni."

"Subiri hapo hapo, Tai Mbili."

"Nasubiri." Halafu baada ya muda: "Sasa nimeiona. Iko chini ya jua, kidogo kushoto."

Aliongea bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeulizwa saa. Nikakaa kwenye ngazi, nimeshika chuma cha pembeni. Miezi yote ile, jua likiteremka hivyo hivyo na ndege zikija hivyo hivyo zimejaa watu, nilimuuliza swali lile lile, na hata siku moja hakuwahi kuniambia "bado".